Kuendesha ruta kwa maandishi matupu: jibu kwa mwalimu wa Mafinga

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mafinga. Sioni, kazi zangu zote za kompyuta nazifanya kwa kisoma skrini cha NVDA. Nyumbani nina kile kisanduku cha kampuni ya intaneti, na nyuma yake mdogo wangu ameniwekea ruta nyingine aliyotoka nayo Dar es Salaam, anasema ndani ina OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Nikitaka kubadili nywila ya waifai hunibidi nimwite mwanafunzi au jirani, maana ukurasa wa mipangilio nikiufungua nasikia "kitufe, kitufe, orodha, picha" nisijue niko wapi. Matokeo yake nusu ya mtaa wanaijua nywila yangu. Mdogo wangu anadai ruta hiyo inaweza kuendeshwa kwa kuandika amri tu. Ni kweli, au ni mambo ya mafundi? Nataka kubadili nywila mwenyewe, kujua nani ameingia, kujua tatizo liko wapi intaneti ikikatika, na kuwazimia watoto waifai usiku.

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Mdogo wako kasema kweli, na nathubutu kuongeza kwamba njia hiyo inakufaa wewe kuliko inavyomfaa yeye anayeona.

Sababu ni hii. Ukurasa wa mipangilio umetengenezwa kwa ajili ya macho. Maana yake imo katika mpangilio: neno liko kushoto, kisanduku cha kujazia kiko kulia, rangi nyekundu inaonya. Kisoma skrini kinapoupitia, mpangilio unapotea na vinabaki vipande visivyo na mwenyewe. Kwenye mstari wa amri, kila mstari unajitosheleza. Ukiiuliza OpenWrt habari za waifai, inakujibu hivi:

wireless.default_radio0.ssid='OpenWrt'

Mstari mmoja, habari nzima. Neno la kwanza ni faili la mipangilio, la pili ni sehemu ndani ya faili, la tatu ni kipengele chenyewe, na baada ya alama ya sawasawa inakuja thamani. Huhitaji kukumbuka ulichosikia mistari mitano iliyopita ili uelewe huu. Mtu wa macho anauona ukavu. Wewe utauona unafuu.

OpenWrt si kitu cha jana. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ililazimika kutoa msimbo wa programu ya ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta ambao leseni yake inadai hivyo. Mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanzia hapo. Kwa hiyo ndani ya hiyo ruta yako ndogo kuna Linux kamili, na Linux tangu hapo imezoea kuongea kwa maandishi.

Kabla ya amri yoyote, kuna jambo usiloliuliza ambalo huenda ndilo chanzo cha nusu ya mtaa kuingia kwako. Kisanduku cha kampuni kwa kawaida nacho kinarusha waifai yake, na nywila yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma. Yeyote aliyekigeuza mara moja anayo. Unaweza kubadili nywila ya ruta yako kila Jumatatu, wao wataendelea kuingia kwa mlango ule mwingine. Mwombe mdogo wako aizime waifai ya kisanduku hicho na kukiacha kipitishe intaneti kwa kebo tu. Visanduku vya kampuni vingi vimefungwa, havina njia ya amri ambayo mteja anaruhusiwa kuitumia, kwa hiyo hapo macho ya mtu mwingine yatahitajika. Mara moja tu. Na ukikuta kifundi mtaani anakwambia kisanduku hicho kinafunguka kwa Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kwa amri, achana naye: Telnet hupeleka nywila waziwazi kwenye waya.

Sisi tutatumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa kingine na kukiandikia amri. Iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini, baada ya watu kunasa nywila zilizokuwa zikipita kwenye mtandao wa chuo chake huko Helsinki. Kila unachoandika kinasafiri kikiwa kimefumbwa. Kompyuta yako ikiwa ni Windows 10 iliyosasishwa tangu 2018, au Windows 11, programu hiyo kwa kawaida imo tayari. Hakuna cha kupakua, bando lako liko salama.

Sasa andaa NVDA. Bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na P mpaka usikie kwamba alama zote zitasomwa, kwa sababu nukta au nukuu moja ikikosekana amri inabadilika au inagoma. Kama ukiandika amri na jibu halisomwi, bonyeza NVDA na 5 ya juu; inawezekana usomaji wa mabadiliko ya skrini umezimwa. Kwa kurudia jibu lililopita, tumia vitufe vya namba vilivyo kulia: 7, 8 na 9 ni mstari uliotangulia, huu, na unaofuata, 4, 5 na 6 ni maneno, 1, 2 na 3 ni herufi moja moja. Haya huenda unayajua kuliko mimi, lakini kwenye Microsoft Word mtu anaweza kuishi bila hivyo vitufe vya herufi. Hapa hawezi. Na kama unatumia sauti ya Kiswahili, jaribu sauti ya Kiingereza kwa kazi hii pekee. Majina ya amri yalitungwa na Wazungu na sauti ya Kiswahili inayatafuna vibaya.

Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri. Isiwe mwenzake PowerShell, nitakwambia kwa nini huko mbele. Kwanza tafuta anwani ya ruta:

ipconfig | findstr Gateway

Utasikia nukta nyingi mfululizo, kisha namba. Namba hiyo ndiyo mlango wa nyumba. OpenWrt ikiwa mpya huwa ni 192.168.1.1, lakini visanduku vingi vya kampuni navyo hutumia hiyohiyo, na viwili vyenye anwani moja vikiunganishwa intaneti haipiti. Natumaini mdogo wako aliibadilisha ya ruta yako. Nitaandika 192.168.10.1 kama mfano; wewe weka yako. Hakikisha pia kompyuta imeunganishwa na ruta yako. Ikiwa imejishika kwenye waifai ya kisanduku, namba utakayosikia ni ya kisanduku, na SSH itakataliwa.

ssh root@192.168.10.1

Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini ruta hii. Andika yes, neno zima, kisha Enter. Halafu utaombwa nywila ya ruta, ambayo si ile ya waifai. Mdogo wako anayo. Hapa wengi wanaotumia kisoma skrini huhisi kompyuta imekufa: unapoandika nywila, hakuna kinachosomwa, hata "nyota, nyota" hakuna. Ni kawaida. Andika yote katika ukimya huo, bonyeza Enter.

Ukiingia, ruta itakupokea kwa mchoro wa jina lake uliochorwa kwa vistari na mikwaju. Kwa mwenye macho ni pambo. Kwako ni nusu dakika ya "kistari chini, kistari chini, mkwaju". Bonyeza Ctrl kukinyamazisha kisoma skrini, kisha ufute pambo hilo moja kwa moja:

echo > /etc/banner

Kuanzia kesho ukiingia utasikia mstari mfupi wa toleo na ile alama ya kusubiri amri, basi.

Amri ya pili iwe ya kubadili nywila ya ruta yenyewe, ili anayeijua awe wewe peke yako:

passwd

Itakuomba nywila mpya mara mbili, kimyakimya vilevile.

Tuje kwenye waifai. Amri ya OpenWrt ya kusoma na kubadili mipangilio inaitwa uci. Ukiandika uci show wireless utasomewa kila kitu, na ni vingi. Usifanye hivyo. Uzuri wa maandishi ni kwamba unaweza kuuliza swali dogo ukapata jibu dogo:

uci show wireless | grep ssid

Hii inachuja na kukuletea mistari yenye jina la mtandao peke yake. Ruta nyingi zina redio mbili, moja ya 2.4 GHz inayofika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, nyingine ya 5 GHz yenye kasi lakini inayochoka mapema. Kwa hiyo huenda ukasikia mistari miwili, default_radio0 na default_radio1. Sikiliza majina hayo kwa makini, herufi kwa herufi, kwa sababu ndiyo utakayotumia. Kisha:

uci set wireless.default_radio0.key='nywila mpya hapa'
uci set wireless.default_radio1.key='nywila mpya hapa'

Nywila iwe na herufi 8 hadi 63. Nakushauri maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, bila nafasi katikati. Ni rahisi kukumbuka na ni vigumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, ambavyo mtaa mzima unavijua.

Mpaka hapa hakuna kilichobadilika kwenye waifai. Ruta imeandika nia yako pembeni tu. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unaweza kujikagua kabla ya kuamua:

uci changes

Itakusomea ulichobadili, hicho tu. Ukisikia kosa, andika uci revert wireless na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Ukiridhika:

uci commit wireless
wifi reload

Waifai itakatika kidogo na simu zote zitatupwa nje mpaka zipewe nywila mpya. Kompyuta yako pia, kama imeunganishwa kwa waifai, na dirisha la SSH litaganda. Ndiyo maana nakusihi utafute kebo ya mtandao, hata ya mita 2, na ufanye kazi hizi ukiwa umeichomeka. Kwa kebo, waifai ikifa wewe bado uko ndani. Kama kompyuta yako ni nyembamba na haina tundu la kebo, kuna adapta ndogo za USB kwa kazi hiyo. Ni fedha iliyotumika vizuri.

Jambo la kuangalia ukiwa hapohapo ni aina ya ulinzi:

uci show wireless | grep encryption

Ukisikia psk2 au neno linaloanza na sae, sawa. Ukisikia none, mtandao wako hauna nywila kabisa na hapo hatuna haja ya kumtafuta mchawi.

Nani ameingia? Ruta hutunza orodha ya vifaa ilivyovipa anwani, lakini faili lenyewe ni zito kusikiliza: kila mstari unaanza na namba ndefu ya muda, unafuata utambulisho wa kifaa wenye herufi na namba kumi na mbili, ndipo lije jina. Kata unachokitaka:

cut -d' ' -f3,4 /tmp/dhcp.leases

Maana yake: tenganisha kwa nafasi, niletee safu ya tatu na ya nne. Utasikia anwani na jina, mstari mmoja kwa kifaa kimoja. Kumbuka mambo mawili. Vifaa vingine havijitaji jina, utasikia nyota tu. Na orodha hii inajumuisha hata walioondoka muda si mrefu, kwa kuwa anwani hukopeshwa kwa saa kadhaa. Ukitaka walioko hewani dakika hii, andika iwinfo | grep ESSID upate jina la kila mlango wa redio, kwa mfano phy0-ap0 au wlan0 kwenye matoleo ya zamani, halafu:

iwinfo phy0-ap0 assoclist

Namba yenye dBm ni nguvu ya mawimbi. Ni hasi siku zote, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo kifaa kilivyo karibu. Kifaa chenye 45 hasi kimo chumbani mwako. Chenye 80 hasi kina uwezekano wa kuwa ng'ambo ya uzio. Si ushahidi wa mahakamani, ukuta mnene wa matofali ya kuchoma nao unapunguza, ila unasaidia kukisia.

Watu wengi huniuliza namna ya kumfungia mtu mmoja kwa utambulisho wa kifaa chake. Inawezekana, lakini simu za Android tangu toleo la 10 na za iPhone tangu iOS 14 hubuni utambulisho wa bandia kwa kila mtandao, na mwenye simu anaweza kuupata mwingine kwa kugusagusa mipangilio. Badili nywila, usihangaike kufukuzana na vivuli.

Intaneti ikikatika. Hapa ndipo mstari wa amri unapolipa, kwa sababu kuna njia ndefu kutoka kwenye kompyuta yako hadi nje ya Mafinga na kila kipande kinaweza kuulizwa peke yake. Ingia kwenye ruta kwanza. Ikikubali, kipande cha kwanza ni kizima. Kompyuta na ruta zinaonana. Kisha:

ifstatus wan | grep '"up"'

Ukisikia true, ruta imepewa njia na kisanduku cha kampuni. Ukisikia false, angalia kebo kati ya vile viwili, au kisanduku hakina umeme. Hii ya umeme si mzaha: kwa asiyeona taa, kisanduku kilichozimika na kilichowaka ni kimoja. Kiguse. Kinachofanya kazi huwa na uvuguvugu, hata kwenye ile baridi yenu ya Juni. Kinachofuata:

ping -c 3 192.168.1.1
ping -c 3 1.1.1.1
nslookup openwrt.org

Ya kwanza inauliza kisanduku cha kampuni (weka anwani yake halisi). Ya pili inauliza mashine iliyo nje kabisa kwenye intaneti. Ya tatu inauliza kama majina yanageuzwa kuwa namba. Hiyo -c 3 usiisahau, Mwalimu. Bila hiyo, ping ya Linux haikomi, na NVDA itakusomea mistari mpaka Magharibi. Ikitokea, Ctrl na C inaikata.

Kisanduku kikijibu lakini nje hakuna jibu, tatizo ni la kampuni au bando limekwisha. Wapigie, na uwaambie hivyohivyo: "Nafika kwenye kisanduku chenu, sifiki nje." Nimeona mhudumu akibadilisha sauti akisikia sentensi ya namna hiyo, ile habari ya "zima, subiri, washa" inarukwa. Nje ikijibu kwa namba lakini majina yakigoma, kampuni iko hewani ila huduma yao ya majina imelala. Hilo unaweza kulikwepa mwenyewe:

uci set network.wan.peerdns='0'
uci add_list network.wan.dns='1.1.1.1'
uci add_list network.wan.dns='8.8.8.8'
uci commit network
service network restart

Ya kwanza inaiambia ruta isitumie seva ya majina inayopewa na kisanduku. Mbili zinazofuata zinaweka seva ya Cloudflare na ya Google.

Kuna pia kumbukumbu za ruta, logread | tail -n 10, zinazokusomea matukio kumi ya mwisho. Ujue tu kwamba zimo kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika zinafutika, na ule ushahidi uliokuwa ukiutafuta umekwenda nao. Wakati wa masika yenu, radi zikianza kuzunguka Mufindi, chomoa vyote viwili ukutani bila kusubiri. Betri ndogo ya ruta inasaidia umeme unapokatika dakika chache, radi haiijali.

Sasa watoto. Njia inayoandikwa kila mahali ni kuiambia ruta izime waifai saa fulani kwa amri ya wifi down. Siipendi, kwa sababu mbili. Inakuzimia na wewe, na mwalimu anayesahihisha mitihani usiku ana haki zake. Pili, umeme ukikatika saa tano na kurudi saa sita, ruta inapowaka upya inasahau kwamba iliambiwa izime, na waifai inarudi hewani. Watoto watalijua hilo kabla yako. Watazima swichi ukutani na kuiwasha tena.

Tengeneza mtandao wa pili kwa ajili yao, wenye jina lake na nywila yake:

uci set wireless.watoto=wifi-iface
uci set wireless.watoto.device='radio0'
uci set wireless.watoto.mode='ap'
uci set wireless.watoto.network='lan'
uci set wireless.watoto.ssid='Watoto'
uci set wireless.watoto.encryption='psk2'
uci set wireless.watoto.key='nywila ya watoto'
uci commit wireless
wifi reload

Kisha weka ratiba. Mafundi hufungua faili la ratiba kwa kihariri kiitwacho vi. Usikiguse. Kinarukaruka kwenye skrini na NVDA itakichanganya. Ongeza mistari kwa echo, kwa alama mbili za kubwa-kuliko. Ukiweka moja tu, mistari iliyokuwamo inafutwa:

echo '0 21 * * * uci set wireless.watoto.disabled=1; uci commit wireless; wifi reload' >> /etc/crontabs/root
echo '0 5 * * * uci set wireless.watoto.disabled=0; uci commit wireless; wifi reload' >> /etc/crontabs/root
service cron enable
service cron restart

Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Ruta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane mpaka 23, kwa hiyo 21 ni saa tatu usiku kwetu na 5 ni saa kumi na moja alfajiri. Mtu akiandika 3 akidhani ni saa tatu usiku, anawazimia watoto saa tisa usiku wakiwa wamelala. Kwa kuwa kuzima huku kumeandikwa kwenye hifadhi ya kudumu, umeme ukatike urudi mara ngapi, mtandao wa watoto unabaki umezimwa. Upungufu wake ni kwamba umeme ukikosekana saa kumi na moja alfajiri, amri ya kuwasha inapita bila kutekelezwa na watoto watakaa bila waifai mpaka alfajiri ya pili yake, isipokuwa uiandike kwa mkono. Kuna wazazi wasioona kasoro hapo. Utasikia pia waifai ya redio hiyo ikitikisika sekunde chache saa tatu kamili. Ni ile reload.

Yote haya yanategemea saa ya ruta, na ruta nyingi hazina betri ya saa. Zikiwaka, hukisia muda kutokana na faili lililobadilishwa mwisho, kisha huuliza muda sahihi kwenye intaneti. Intaneti isipokuwepo, zinaishi na makisio. Andika date usikie inasema saa ngapi. Ikitofautiana kwa saa tatu kamili, haijui iko Tanzania:

uci set system.@system[0].zonename='Africa/Dar es Salaam'
uci set system.@system[0].timezone='EAT-3'
uci commit system
service system restart
service cron restart

Hiyo alama ya kutoa kabla ya 3 si kosa. Sisi tuko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu, lakini kanuni ya zamani ya Unix inahesabu kinyume. Ukiweka ya kujumlisha, ruta itakaa saa sita nyuma.

Baada ya kuweka mambo sawa, tunza nakala. Toka kwenye ruta kwa exit, na ukiwa kwenye Command Prompt ya kompyuta yako andika:

ssh root@192.168.10.1 "uci show" > ruta.txt

Sasa una faili la maandishi la mipangilio yote, unaweza kulifungua kwa Notepad na kulisoma mstari kwa mstari kama barua. Mingi ya mistari hiyo, ukiiwekea uci set mbele, inageuka kuwa amri ya kuurudisha mpangilio huo. Faili la ratiba halimo. Lile la mistari miwili liandike pembeni. Hapa ndipo nilipokukataza PowerShell: toleo linalokuja na Windows huhifadhi maandishi ya aina hii kwa mfumo ambao programu nyingine hazisomi vizuri. Na faili hilo lina nywila zako za waifai waziwazi, lisikae kwenye flashi inayozunguka ofisi ya walimu.

Ukijifungia nje, kwa mfano umebadili anwani ukaandika namba isiyofaa, kuna kitufe kidogo cha reset, mara nyingi kimezama kwenye tundu jembamba nyuma. Ruta ikiwa imewaka na imetulia dakika mbili hivi, kikandamize kwa sindano ya karatasi kwa sekunde kumi, uachie. Inarudi kama ilivyowekewa OpenWrt mara ya kwanza: anwani 192.168.1.1, haina nywila, na waifai imezimwa. Soma tena hilo la mwisho. Bila kebo hutaingia. Kabla ya kuichomeka kwenye kisanduku cha kampuni, ingia kwa ssh root@192.168.1.1, kisha rudisha anwani yako:

uci get network.lan.ipaddr
uci set network.lan.ipaddr='192.168.10.1'
uci commit network
service network restart

Ya kwanza inakusomea ilivyo sasa. Ikiwa jibu lina mkwaju na 24 mwishoni, andika na yako hivyohivyo. Dirisha litaganda baada ya amri ya mwisho, kwa kuwa ruta imehama. Chomoa kebo, ichomeke tena, ingia kwa anwani mpya. Safari hii Windows itapiga kelele kwamba utambulisho wa ruta umebadilika na huenda kuna mtu anakuhujumu. Ni kwa sababu ruta imezaliwa upya ikajitengenezea ufunguo mwingine. Futa kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R 192.168.10.1, kisha jaribu tena. Ukiona onyo hilohilo siku ambayo hukugusa kitu, hapo usiandike nywila.

Mdogo wako atataka kuingia kwenye ruta akiwa Dar es Salaam ili "akusaidie". Akikuomba ufungue SSH kwa watu wa nje, mkatalie. OpenWrt kwa kawaida inaufunga mlango huo upande wa intaneti, na una sababu ya kufungwa: mashine zinazozunguka duniani zikijaribu nywila kwenye kila anwani hazipumziki. Mpe ruhsa akija kwa sikukuu.

Amri yoyote kati ya hizi ikigoma, tofauti ya toleo ndiyo ninayoishuku kwanza. Andika cat /etc/openwrt_release, unitumie mistari itakayosomwa pamoja na amri yenyewe na jibu lake neno kwa neno. Kama jibu lina mistari yenye neno key, ifute kabla ya kutuma.